Ati Sisi Twajuana!



Kuna neno moja ambalo sisi watu wa pwani hulitamka kwa fahari kila tumwonapo mgeni akistaajabia vichochoro vyetu. Twamwambia, "Sisi hapa twajuana." Twataka ajue kwamba milango yetu yatazamana, baraza zetu zapakana, mtoto wa fulani ni mtoto wa wote, na kwamba hapa mtu hawezi kulala na njaa jirani yake asijue. Ni neno tamu masikioni. Lau lingekuwa la kweli, tusingekuwa na haja ya kuandika makala haya.

Twasema bila ya kuzunguka, na mwenye kukasirika na akasirike kisha afikiri: neno hilo si kweli tena, na zaidi ya hayo lina madhara. Limetufanya tusihesabu na tusiandike. Kwa kuwa twajuana, orodha ya nini? Kwa kuwa twajuana, kuulizana kwa nini? Kwa kuwa twajuana, khabari zitafika zenyewe. Balaa ya korona ilipotufikia mwaka 2020, neno hilo halikumlisha mtu hata tonge moja, wala halikumfikishia mgonjwa kidonge kimoja.

YALIYOPITA MWAKA 2020

Tukumbushane, maana sisi ni wepesi wa kusahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Haukupita mwezi ila skuli na vyuo vya Kurani vilikuwa vimefungwa, misikiti imefungwa, na watu wamekatazwa kutoka usiku. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa mipaka. Kisha tarehe 6 Mei Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba Mji wa Kale wa Mombasa utafungwa peke yake, kama ulivyofungwa mtaa wa Eastleigh huko Nairobi: hapana kuingia, hapana kutoka. Amri ilikuwa ya siku kumi na tano, ikaongezwa mpaka tarehe 6 Juni. Yote hayo yalitokea Ramadhani ya mwaka 1441 ikiwa katikati. Watu walifuturu humo ndani, wakala daku humo ndani, na Idi ikawakuta humo humo.

Sasa jiulize, ewe msomaji. Siku ile mji ulipofungwa, ni nani katika mtaa wako aliyeweza kukaa chini na kalamu akaeleza: katika uchochoro huu kuna nyumba kadha, katika nyumba hizi kuna wagonjwa wa sukari kadha, kuna mjane mmoja aliyemo katika eda na hana wa kumtuma dukani, kuna mtu ambaye hospitali humsafisha figo mara mbili kwa wiki, naye lazima avuke kizuizi cha polisi, kuna vyumba vitatu vya uani ambavyo wapangaji wake hulipwa kwa siku, na tangu jana hawana kazi? Ni nani aliyejua haya yote? Mmoja alijua hili, mwingine alijua lile, na wengi hawakujua lolote isipokuwa majina ya wenye nyumba.

Hatusemi kwamba watu hawakutoa. Hilo litakuwa ni dhuluma. Watu wa pwani walitoa, na Mwenyezi Mungu awalipe. Unga ulitolewa, mchele ulitolewa, tende zilitolewa, na vijana walibeba magunia mabegani huku wamefunga saumu. Lakini kutoa ni jambo moja na kufikisha ni jambo jingine. Pasipo orodha, gari la chakula husimama pale linapoweza kusimama. Nyumba iliyo kando ya barabara hupata mara mbili, hata mara tatu. Chumba kilicho uani, nyuma ya kisima, hakipati. Mwenye sauti kubwa hupata. Mwenye haya hukosa. Ndivyo iwavyo popote duniani watu wanapogawa bila ya kujua wanamgawia nani. Hakuna lawama juu ya kijana aliyebeba gunia; lawama ni juu yetu tuliompa gunia tusimpe jina la mtu wa kumpelekea.

WATATU AMBAO HATUWAJUI

Wako watakaosema, "Mwandishi amezidisha. Maskini wa mtaa wetu twawajua wote." Nasi twawaambia: mnamjua ombaomba. Huyo hata mgeni aliyeteremka garini leo amjua. Tuwatajieni watatu ambao hamuwajui.

Wa kwanza ni mwalimu wa chuo. Kanzu yake ni nyeupe, kofia yake imenyooka, na salamu yake ni ya uchangamfu. Hana mshahara wa serikali. Riziki yake ni ada ndogo ndogo ambazo wazee huwapa watoto wazichukue mwisho wa mwezi. Chuo kilipofungwa mwezi wa Machi, ada ilifungwa nacho. Je, ni nani aliyemfikiria? Wengi walimfikiria kuwa yeye ndiye wa kusaidia kugawa, hakuna aliyefikiri kuwa yeye ndiye wa kugawiwa.

Wa pili ni mama ambaye binti yake yuko Uarabuni akifanya kazi za nyumbani. Mtaani huambiwa, "Yule hana shida, mwanawe yuko Saudia." Ndivyo tunavyomjua. Lakini korona ilifika huko pia. Mshahara ukicheleweshwa huko, sufuria hapa haipandi jikoni. Mama huyu hawezi kusema, kwa sababu miaka mitano watu wamemwita tajiri.

Wa tatu ni mpangaji wa chumba cha uani. Asukuma mkokoteni, au ni mlinzi wa duka, au aosha vyombo hotelini. Ametoka Kinango, au Ganze, au ametoka bara. Pengine si wa dini yetu. Jina lake hulijui. Wamwita kwa kazi yake. Orodha ya msikiti haimo, ya ukoo haimo, na ya chama cha mazishi haimo. Hoteli zilipofungwa, alibaki ndani ya chumba hicho pamoja na mkewe na watoto, ukuta mmoja na sebule yako.

Kurani haikutuficha mambo haya. Suratul Baqara, aya ya 273, yaeleza juu ya mafakiri ambao mtu asiyewajua huwadhania kuwa wana uwezo, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Basi tazama, ewe msomaji: anayewadhania kuwa ni matajiri ameitwa mtu asiyejua. Sisi tunaojigamba kuwa twajuana ndio tumekuwa hao wasiojua! Na Suratun Nisaa, aya ya 36, imetutaka tumfanyie wema jirani aliye karibu na jirani aliye mbali, aliye wa damu na asiye wa damu. Wanavyuoni wengi wamesema kwamba haki ya ujirani ni ya Muislamu na asiye Muislamu. Yule wa chumba cha uani hakusahauliwa katika Kitabu. Amesahauliwa katika mtaa.

KHABARI NAZO NI CHAKULA

Chakula sicho kitu pekee kilichokosa njia. Khabari nazo zilikosa njia, na madhara yake hayakuwa madogo.

Katika msiba wa maradhi, khabari ya kweli ni kama maji. Mtu ataka kujua: zahanati iko wazi saa ngapi? Mwenye homa aende wapi? Akipimwa na kukutwa na ugonjwa, atapelekwa wapi, na nani atalipa? Maiti ataoshwaje? Hayo ni maswali ya haki. Mtaa usiokuwa na mahali pa kuyajibu, huyajibu kwa simu. Na sote twajua simu ilitujibu nini. Ilitwambia kwamba ugonjwa haupo. Siku ya pili ikatwambia kwamba upo, lakini dawa yake ni hii na hii. Siku ya tatu ikatwambia kwamba anayepelekwa hospitali harudi. Mjumbe alikuwa ni binamu, au shoga, au mtu wa kundi la harusi ya mwaka juzi, naye alitumiwa na mwingine, na huyo na mwingine. Mwenye kulisema neno hilo mara ya kwanza hapana amjuaye.

Matunda yake ni yapi? Watu wengi waliogopa kupimwa wasije wakapelekwa karantini na kudaiwa fedha. Watu walificha wagonjwa ndani. Mzee mwenye kifua kizito alifungiwa chumbani, akapewa tangawizi na kufukizwa, mpaka pumzi zikamwishia, ilhali hospitali iko mwendo wa dakika chache. Tena majirani waliposikia kikohozi, walijitenga wote na nyumba ile: hawakumkaribia mgonjwa, na hawakupeleka hata sinia ya chakula wakaiweka mlangoni. Tahadhari na ukatili zilichanganywa zikawa kitu kimoja.

Upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa mazito zaidi. Tanzania takwimu za korona zilisimamishwa mwaka 2020, zikiwa ni wagonjwa 509 na waliofariki 21, na hazikutolewa tena mpaka mwaka 2021 serikali ilipobadilika. Zaidi ya mwaka mzima mtu wa Tanga au wa Unguja alikuwa hana hesabu ya kuitazama. Alijua hali ya ugonjwa kwa kuhesabu jeneza zinazopita mbele ya mlango wake. Hapo ndipo mtaa ulipotakiwa uwe na macho yake wenyewe na ulimi wake wenyewe. Na ilipokuja chanjo, Kenya mwezi wa Machi 2021 na Tanzania mwezi wa Julai 2021, uvumi ulikuwa umekwisha kukaa kitako barazani. Muuguzi alipofika kueleza, alikuta watu wamekwisha kuelezwa na simu.

Mwenyezi Mungu ametufundisha adabu ya khabari. Katika Suratun Nisaa, aya ya 83, wamelaumiwa wale ambao wakifikiwa na jambo la amani au la khofu huenda wakalitangaza, na lau wangelirejesha kwa wenye kujua lingefahamika. Aya hiyo yasomwa misikitini kila mwaka. Wasomaji wake hutoka nje, wakawasha simu, wakatangaza.

Na tuzingatie kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa safarini kwenda Sham, mwaka wa tauni ya Amwas. Alipofika Sargh akapewa khabari ya maradhi. Hakuendelea kwa ushujaa wa kijinga, wala hakurudi kwa khofu ya uvumi. Aliwaita Muhajirina akawauliza. Akawaita Ansari akawauliza. Akawaita wazee wa Makureshi akawauliza. Walikhitalifiana. Aliyekuwa na elimu ya Mtume (S.A.W.) juu ya jambo lile, ya kwamba nchi yenye tauni isiingiwe na aliyemo asiikimbie, alikuwa ni Abdurrahman bin Awf, naye wakati ule hakuwapo, alikuwa amekwenda katika haja yake. Aliporudi akaeleza, na Umar akamshukuru Mungu, akarejea Madina. Fahamu vizuri: jeshi zima la watu wema, na jawabu liko kwa mtu mmoja ambaye hayuko barazani! Basi mtaa wako, ewe ndugu, una muuguzi, una mwenye duka la dawa, una mtu wa maabara. Ni nani anayejua yuko mlango upi, ili aulizwe kabla ya simu?

SADAKA YA PICHA

Kuna jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Wakati ule yalienea mapicha: mwanamke mzima ameshika mfuko wa unga wa kilo mbili, na watu sita wameushika mfuko huo huo, na wote watazama kamera isipokuwa yeye. Yeye atazama chini.

Tulisikia udhuru wa wapigaji picha. Ati mfadhili ataka ushahidi. Nasi twauliza: je, uso wa mwanamke yule ndio risiti? Suratul Baqara, aya ya 271, imetaja kwamba sadaka ya dhahiri ni jambo zuri, na ya siri ikamfikia fakiri ni bora zaidi. Mwenye kutoa ana khiyari ya kudhihirisha sadaka yake mwenyewe. Hana khiyari ya kudhihirisha umaskini wa mwenzake. Na tangu lini mwalimu wa chuo atakubali kusimama mbele ya kamera? Ataona afadhali kulala na njaa. Basi sadaka ya picha huchagua: humfikia asiyeona haya, na humruka yule ambaye Kurani imemsifu kwa kujizuia.

Lakini angalieni mzizi wa ubaya huu. Mfadhili ataka picha kwa sababu hana orodha ya kuiamini. Kungekuwa na daftari lililowekwa na watu waaminifu, lenye idadi ya nyumba na alama mbele ya kila nyumba iliyofikiwa, huo ungetosha kuwa ushahidi. Tumeshindwa kuandika majina kwa wino, tukayaandika kwa nyuso za wanawake.

WANAOPINGA NA MAJIBU YAO

Tukitaja daftari la mtaa, husimama watu wa aina tatu.

Wa kwanza husema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Serikali ina kazi yake, wala hatuiondolei dhima. Lakini hesabu ya serikali ni ya namna nyingine. Mwezi wa Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu wake, ikapata zaidi ya milioni 47. Hesabu hiyo yafaa kwa kupanga skuli na barabara. Haikwambii ni jiko gani leo halikuwashwa. Mpango wa Nyumba Kumi nao ulianzishwa Kenya mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, watu wachunguze nani mgeni na nani mhalifu. Nasi twasema: mtaa ulioweza kuulizana nani mwizi, kwa nini usiweze kuulizana nani ana njaa?

Wa pili husema, "Kuandika watu si mwendo wetu. Wazee wetu hawakuandika." Huyu ahitaji kusoma. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Hudhayfa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha maswahaba wamwandikie waliokwisha kutamka Uislamu, wakaandikwa wanaume elfu moja na mia tano. Hao walikuwa wakijuana kuliko sisi. Walikuwa wakiswali safu moja, wakipigana safu moja, na bado wakaandikwa. Na Sayyidna Umar (R.A.), katika ukhalifa wake, aliweka diwani, nayo ni daftari la majina ya watu na haki zao, ili fungu la mtu lisitegemee kumbukumbu ya mgawaji. Basi anayesema daftari si letu, amelikana lililo letu.

Wa tatu husema, "Daftari litatoa siri za watu; kesho litafika kwa wanasiasa." Huyu maneno yake yana uzito, na twamheshimu. Ni kweli, orodha ya wenye shida ni kitu cha hatari katika mkono mbaya. Mwaka wa uchaguzi hugeuzwa kuwa orodha ya kununuliwa. Lakini jawabu la khofu hiyo si kukaa bila ya daftari. Jawabu ni kuliwekea masharti na kuliweka kwa watu wa amana. Fedha za msikiti nazo zaweza kuibwa, na hatukuacha kujenga misikiti.

WENZETU WA MALABARI

Msomaji asidhani kwamba twaota. Pwani ya Malabari, nchi ambayo majahazi yetu yaliendea mbao na mchele, na ambayo Waislamu wake wengi ni wa madhehebu ya Imamu Shafi kama sisi, leo ni jimbo la Kerala katika India. Huko tangu mwaka 1998 uko mpango uitwao Kudumbashree. Msingi wake ni vikundi vya majirani: wanawake kumi mpaka ishirini wa nyumba zilizopakana hukutana, huweka akiba kidogo kidogo, na hujuana hali kwa kuandika. Vikundi hivyo ni vingi na wanachama wao ni mamilioni.

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika India nzima alipatikana huko huko Kerala, tarehe 30 Januari 2020. Na mwezi wa Machi, India yote ilipofungwa, Kerala ilifungua majiko ya mtaa zaidi ya elfu moja katika muda wa siku chache, na wanawake wa Kudumbashree wakapika na chakula kikapelekwa majumbani. Hawakupata muujiza. Majirani walikuwa wamekwisha kuhesabiana miaka ishirini na mbili kabla ya ugonjwa kuja. Tena angalia ni nani waliohesabu: wanawake. Baraza ya wanaume hujua nani amepita njiani; mwanamke ndiye ajuaye jikoni kwa jirani kumepikwa nini.

LIFANYWE NINI?

Hatupendi kulaumu kisha tukaondoka. Haya ndiyo tunayoyaona:

1. Kila mtaa uwe na daftari moja, la karatasi. Kila mlango uandikwe, na vyumba vya uani viandikwe kimoja kimoja. Iandikwe idadi ya watu, wazee, watoto wachanga, wagonjwa wa dawa za kila siku, na mtu wa kuitwa likitokea jambo. Dini na kabila ya mtu visiulizwe.

2. Daftari hilo liwekwe na watu watatu, na wawili wao wawe wanawake wanaoingia majumbani. Asiwekwe mgombea wa cheo chochote. Lisipigwe picha, lisitumwe kwa simu, na mfadhili apewe idadi tu, asipewe majina.

3. Upande wa pili wa daftari waandikwe wenye uwezo wa kusaidia: muuguzi, mwenye gari, mwenye sufuria kubwa za harusi, mwenye friji ya kuwekea dawa ya sukari umeme wa wengine ukikatika, mwenye kisima cha maji ya kufaa. Mali ya mtaa si fedha tu. Vitu hivi tunavyo, na hatujui kuwa tunavyo.

4. Pawe na ubao wa khabari mlangoni kwa msikiti na mwingine mahali wanapopita wanawake. Kila khabari iwe na tarehe na jina la aliyeithibitisha. Isiyokuwa na jina isibandikwe. Na kipaza sauti kinachotangaza mazishi kitangaze pia zahanati iko wazi lini.

5. Katika kila mtaa wafunzwe wanaume na wanawake wachache namna ya kuosha maiti wa ugonjwa wa kuambukiza kwa mavazi ya kinga, kabla ya kuhitajiwa. Khofu ya mazishi yasiyo na heshima ni miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu wafiche wagonjwa.

6. Daftari lipitiwe upya kila mwezi wa Shaabani. Wapangaji huhama, watoto huzaliwa, wazee hufariki. Daftari la miaka mitatu iliyopita ni sawa na kutokuwa na daftari.

BALAA HAZIPIGI HODI

Kuna atakayesema, "Korona imepita, ya nini maneno haya?" Naam, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Mwaka huo huo haukwisha ila mvua kubwa zilifurika pwani, na watu wakatafutana ndani ya maji. Mwezi wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox ukathibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza. Kipindupindu nacho ni mgeni wetu wa zamani. Kilipoingia Unguja mwaka 1869 kiliua watu maelfu, na tangu hapo hurejea na kurejea. Zile kamati tulizoziunda 2020 ziko wapi? Majina yaliyoandikwa kwenye vipande vya karatasi yako wapi? Kafyu ilipoondolewa tulikumbatiana, tukatupa barakoa, na karatasi tukazitupa pamoja nazo. Ikija nyingine tutaanza alifu.

Basi, ndugu msomaji, hatukuombi uunde chama, wala uchange fedha. Twakuomba usiku wa leo, baada ya Isha, utwae kalamu na karatasi. Andika milango kumi: mitano mkono wa kulia wa nyumba yako, mitano mkono wa kushoto, na vyumba vya uani visisahauliwe. Mbele ya kila mlango andika wamo watu wangapi, nani mgonjwa, na riziki yao yatoka wapi. Usimuulize mtu, andika unayoyajua.

Ukiweza kuijaza karatasi hiyo yote, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Wewe ndiwe wa kulishika daftari la mtaa. Na ukikuta mistari mitupu imezidi iliyojaa, basi kesho asubuhi anza kubisha hodi kwa salamu, mlango kwa mlango. Na mpaka utakapoimaliza, lile neno la "Sisi hapa twajuana" usilitamke tena mbele ya mgeni.